Kidani cha msalaba hakimbatizi mtu

Bagamoyo, mji wa misikiti mikongwe na misheni ya Kikatoliki iliyoanza 1868, wapo wanaoamini kwamba anayevaa kidani cha msalaba, au hereni za mwezi na nyota, ameshaingia Ukristo, au Uislamu. Sivyo. Mkristo huingia kwa ubatizo: maji, na jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mwislamu huingia kwa kutamka shahada. Sonara hahusiki. Tena mwezi na nyota vilichongwa kwenye sarafu za Byzantium, mji wa kale ambao leo ni Istanbul, karne kadhaa kabla ya Uislamu, na Kurani haiagizi kuvivaa. Muulize padri au shehe utaratibu wa kuingia dini; hatataja mkufu. Wapo wanaoona kuvaa alama hizo kwa urembo tu ni kukosa adabu. Hilo lina uzito wake, ila ni suala jingine.