Stakabadhi ya Kahawa na Akili ya Mlima

Mtu aliyeko Dar es Salaam akihitaji kiberiti saa tatu usiku huelekezwa aende kwa Mangi. Anayemwelekeza mara nyingi hakumbuki kwamba Mangi, huku Moshi nilikozaliwa, ni cheo cha mtawala wa Kichagga, aliyeketi barazani kuamua kesi za mipaka na ng'ombe, na kwamba jina hilo limehamia nyuma ya kaunta ya duka kwa sababu wauza duka wengi walitoka huku mlimani. Wapo wazee wanaochukizwa na mzaha huo. Mimi sichukizwi, kwa kuwa nimekagua hesabu za vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa kwa miaka kumi na tisa, na nimezoea kuona namna biashara inavyoyachukua maneno na desturi za watu, ikazitumia kwa haja zake, kisha ikawarudishia watu hao kitu ambacho hawakukitarajia.

Hapa Kilimanjaro kitu hicho kilikuwa mazoea ya kudai maelezo. Kahawa ililetwa na wamisionari waliokuwa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima Waafrika walipoanza kuipanda kwa wingi walianzisha chama chao mwaka 1925, ambacho mwaka 1933 kilifuatwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya mlima mzima. Utaratibu wa ushirika ni kwamba mkulima hupeleka kahawa ghalani, hupewa malipo ya awali, halafu husubiri hadi iuzwe mnadani ndipo alipwe kilichobaki baada ya makato. Katika kipindi hicho cha kusubiri, mali yake yote ya mwaka ni karatasi moja. Mtu ambaye ada ya mtoto wake imo ndani ya stakabadhi atajifunza kuisoma, na asipoweza atamtafuta wa kumsomea, na huyo msomaji naye atakuwa na heshima kijijini hata kama hana shamba kubwa. Ndiyo maana siamini kwamba elimu ilipendwa mlimani kwa sababu ya shule za misheni peke yake, ingawa mchango wake siupunguzi.

Nitaeleza jambo moja nililolikuta mwenyewe, bila kukitaja chama. Nilikuwa nikipitia vitabu vya stakabadhi vya msimu mzima, nikaona kwamba kila mzigo umeandikwa kwa kilo kamili: 23, 41, 17, hakuna nusu wala robo. Kahawa haina adabu ya kuishia kwenye kilo kamili. Karani alikuwa akikata vipande vya gramu, na jumla yake kwa wanachama wote ilikuwa magunia kadhaa ambayo hayakuonekana popote kwenye leja. Lakini wa kwanza kuligundua hakuwa mimi. Alikuwa mwalimu mstaafu, aliyezipima debe zake nyumbani kwa mizani ya kukopa dukani, akaandika tofauti zake kwenye daftari la shule lenye mistari, kisha akasimama mkutanoni akazisoma moja baada ya nyingine kwa sauti ya darasani.

Desturi hiyo ya kusimama na kuhoji ni ya zamani. Mwaka 1937, baada ya bei kuanguka, machafuko yalizuka mlimani kwa kuwa wakulima wengi walipinga kulazimishwa kuuza kahawa yao kupitia ushirika tu. Miaka ya 1950 Baraza la Wachagga likawa na gazeti lake, Komkya. Mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa hapa Moshi, nacho tangu mwaka 2014 ni chuo kikuu kamili. Sioni ajabu kwamba chuo cha namna hiyo kilijengwa katika mji uliokuwa tayari umebishana kuhusu makato kwa miongo mitatu.

Serikali ilipovunja vyama vikuu mwaka 1976, watu huhesabu hasara ya fedha na magari. Hasara ninayoiona mimi, ninapofungua makabati ya ofisi za vyama, ni ya mihtasari ya mikutano. Vyama viliporudishwa miaka ya 1980 kufuatia sheria ya mwaka 1982, mihtasari mingi niliyoisoma imekuwa mifupi na mikavu: ajenda imepokelewa, ajenda imepitishwa.

Hata hivyo mkutano huo wa zamani haukuwa wa kila mtu, na hapa utamaduni ndio uliokuwa ukiiamrisha biashara. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, hurithiwa na mtoto wa kiume; kahawa iliyomo ni ya baba, ndizi zinazoipa kivuli ni za mama. Kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye daftari la wanachama lilikuwa la mwanamume, hata pale ambapo aliyechuma, akamenya na kuanika kahawa hiyo alikuwa mkewe. Mama huyo alifanyia hesabu zake sokoni Kiborloni, kichwani, mkungu kwa mkungu, akikadiria mbege, pombe ya ndizi, itatoka kiasi gani na nauli itakula kiasi gani. Ule ni uhasibu, na ni mgumu kuliko wangu, ila haukuandikiwa muhtasari.

Msimu uliopita nilihudhuria mkutano mkuu wa chama kimoja cha upande wa mashariki. Mama mjane, aliyeingizwa kwenye daftari baada ya mumewe kufariki, aliomba nafasi akauliza kwa nini makato ya usafiri yamepanda ilhali lori limepakia mara chache kuliko mwaka uliotangulia. Alikuwa ameyahesabu mapakio yote, kwa vile lori hupita mbele ya genge lake. Katibu akasema, "Mama, swali lako ni zuri, tutalijibu baada ya chakula." Tulikula, na tuliporudi mwenyekiti akatangaza ajenda ya mengineyo. Mama akasimama tena.