Kuhesabu mizani si kuchambua shairi

Kwa mara nyingine nimesahihisha rundo la insha ambamo kila mwanafunzi ameandika kwamba shairi ni tarbia (lenye mistari minne katika kila ubeti), lina mizani, yaani silabi, 16 katika kila mshororo au mstari, na vina vyake, yaani silabi zinazofanana, vya kati na vya mwisho vinatiririka, kisha akaweka nukta akiamini kwamba amechambua. Hakuna dhana potofu inayonichosha kuliko hiyo. Hesabu inaeleza umbo tu; uchambuzi huanza unapouliza umbo hilo linaifanyia maana kazi gani.

Chukua kibwagizo hiki, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, nilichokitunga kwa ajili ya darasa: "Sirudi tena sirudi, mlango umeshafungwa." Mwenye kuhesabu ataona vipande viwili vya mizani 8, aridhike. Hataona kwamba neno "sirudi" limekifungua kipande cha kwanza na kukifunga, kiasi kwamba msemaji anayeapa kwenda zake anasikika akizunguka palepale. Wala hatajiuliza mlango umefungwa na nani, ilhali kitenzi kimemficha mtendaji makusudi. Katika ubeti wa kwanza, msemaji akiwa na hasira, tunadhani ameufunga mwenyewe. Ubeti wa mwisho ukimwonyesha yuko nje anabisha, maneno yaleyale, pasipo kubadilika hata silabi moja, yanageuka kilio cha aliyefungiwa. Anayedai kwamba takriri, yaani kurudiarudia maneno, ni dalili ya kuishiwa na msamiati na aanzie hapo.

Makosa mengine hayahitaji maelezo marefu. Kina ni silabi nzima, si irabu ya mwisho peke yake, kwa hiyo "lima" na "lina" hayana kina kimoja katika arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi. Mizani ni silabi zinazotamkwa: "mtu" ni mizani mbili, kwa kuwa "m" hiyo hutamkwa kama silabi kamili, na "mwana" pia ni mbili, ingawa lina herufi nyingi zaidi. Tena, si kila ufupisho ni inkisari, yaani kufupisha neno ili kutosheleza mizani. "Babangu" husemwa hata katika mazungumzo ya kawaida. Rudisha kwanza "baba yangu", uhesabu, ndipo uisingizie mizani.

Mimi siruhusu kalamu mkononi kabla shairi halijasomwa kwa sauti mara tatu. Wanaolalamika ni walewale wanaousoma mshororo mzima bila kutua kwenye mizani ya nane.