Udumavu Katika Mikoa Yenye Chakula: Tutazame Pia Anapotambaa Mtoto

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Iringa iliongoza kwa takriban asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, ambako ni karibu nusu ya watoto. Hii ni mikoa yenye mahindi, maharage na viazi tele. Mlo usio mchanganyiko, na mama anayeshinda shambani bila muda wa kumlisha mtoto ipasavyo, vimezungumzwa sana, na inastahili. Usafi wa pale mtoto anapotambaa umezungumzwa kidogo mno.

Mtoto wa miezi minane hupeleka mdomoni kila anachookota. Katika ua wanamozurura kuku, huokota udongo pamoja na kinyesi chao, na kijiko kikianguka hurudishiwa baada ya kupanguswa kwenye kanga. Si lazima aharishe. Vimelea vilivyomo katika uchafu huo vikiingia kila siku huudhuru utumbo polepole: vinyweleo vinavyofyonza virutubisho hufupika, ukuta wake hupitisha vijidudu, na mwili hutumia katika kujikinga sehemu ya lishe ambayo ingemrefusha. Mzazi haoni ugonjwa wowote.

Wengi wetu pia tumelelewa tukiamini kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, kwa hiyo hutupwa jalalani au nyuma ya nyumba. Kina vimelea kama cha mtu mzima, na mahali pake ni chooni.

Majaribio makubwa yaliyofanyika Kenya, Bangladesh na Zimbabwe, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018 na 2019, yalionesha kwamba vyoo vilivyoboreshwa na vifaa vya kunawia mikono havikuwaongezea watoto urefu, ilhali kuboresha mlo kuliwaongezea kidogo. Kwa maoni yangu, hiyo si sababu ya kuacha kujenga vyoo, ambavyo vina faida nyingine nyingi. Naona inaashiria kwamba usafi wa nusunusu haufui dafu mbele ya uchafu uliozagaa kila upande.

Kwa hiyo kuku wafungiwe bandani, mtoto atandikiwe mkeka unaofuliwa, na kibuyu chirizi chenye sabuni kiwepo karibu na jiko, si chooni peke yake, ili anayelisha anawe na mtoto anawishwe. Kliniki nako, mzazi aombe mtoto apimwe urefu, si uzito tu, hasa kabla hajatimiza miaka miwili.