Protini gani inatuonyesha neva za utumbo?

Utumbo una neva zake wenyewe, mamilioni kwa mamilioni ya seli, zimejikusanya sehemu mbili ndani ya ukuta wa utumbo: mtandao wa Auerbach uko katikati ya misuli na ule wa Meissner uko ndani zaidi. Ndo zinazosukuma chakula kiende mbele. Ila ukiweka kipande cha utumbo kwenye hadubini na rangi za kawaida za maabara, kuzitambua zote inataka jicho lililozoea sana, kwa hiyo tunatumia kingamwili, yaani kinga ya mwili inayonata kwenye protini moja tu, tunaibebesha rangi, protini ikiwepo panawaka.

Sasa uchague protini gani? Inategemea unauliza nini, na hapa naona watu wanakosea kila siku. PGP9.5 inajaa seli nzima mpaka kwenye nyuzi zake, ukitaka kuona mtandao ulivyotanda ni nzuri mno, lakini usijaribu kuhesabu seli nayo, nyuzi zinafunika kila kitu. Kuhesabu tumia HuC/D maana inabaki kwenye mwili wa seli, haiingii kwenye nyuzi. Hizi protini za Hu ziligunduliwa kupitia wagonjwa wa kansa ya mapafu ambao miili yao ilitengeneza kingamwili dhidi yake, na baadhi yao utumbo unaacha kabisa kusukuma, inasikitisha lakini imetufundisha mengi.

Afu kuna protini za kujua seli inafanya kazi gani: ChAT kwa zinazokaza misuli, nNOS kwa zinazoilegeza. Kwenye akalasia, ugonjwa wa chakula kukwama sehemu ya chini ya umio, hizi za nNOS ndo zinapotea.

Ila kwangu mimi muhimu kuliko zote ni protini iitwayo kalretinini. Mtoto 1 kati ya 5,000 hivi anazaliwa na ugonjwa wa Hirschsprung, mwisho wa utumbo mpana hauna seli za neva na choo hakipiti. Unachukua kanyama kadogo sana kwenye rektamu, yaani mwisho wa utumbo mpana karibu na tundu la haja kubwa, nyuzi za kalretinini zikionekana maana yake neva zipo, zisipoonekana kabisa ugonjwa unashukiwa sana. Mzazi akiambiwa kipimo kirudiwe asikate tamaa, mara nyingi kanyama kalikuwa kadogo mno au kametolewa karibu sana na tundu la haja kubwa, pale hata mtoto mzima ana seli chache.