Je, wajua? Kikaratasi huingiaje ndani ya biskuti ya bahati

Tulikuwa wanne mezani, Jumamosi jioni, kwenye mgahawa mmoja wa Kichina jijini Dar es Salaam. Tambi zimekwisha, kuku kabaki mifupa, na mhudumu katuletea kisahani chenye bili na biskuti nne zilizokunjwa mithili ya sikio. Ukiivunja biskuti, ndani unakuta kikaratasi chembamba chenye sentensi moja ya busara au ya utabiri. Mwenzetu anayeishi Mbagala akasoma chake kwa sauti: "Safari ndefu inakusubiri." Tukacheka mpaka meza ya jirani ikageuka, maana ilikuwa saa mbili usiku na mwenyewe hata daladala hajapanda. Wa pili akasoma chake: "Ukarimu wako utakumbukwa daima." Bili ikasukumwa mbele yake bila mjadala.

Wa tatu hakusoma. Alikuwa anakigeuzageuza kikaratasi kwenye mwanga. "Hivi hiki kiliingiaje humu bila kuungua?"

Nikajibu kabla hajamaliza. Kwamba hii ni desturi ya kale ya China, tangu enzi za wafalme. Kwamba kikaratasi huwekwa kwenye unga mbichi kama nyama ndani ya sambusa, kisha vyote vinaokwa pamoja. Na kuungua? "Ni karatasi maalumu," nikasema. Hakuna aliyenibishia. Ndiyo faida ya kuongea ukiwa umeegemea kiti, umeshiba.

Majibu yote matatu hayakuwa kweli, na niligundua usiku huohuo nilipoingia mtandaoni kutafuta sentensi ya kujisifia.

Tuanze na China, kwa sababu hapo ndipo kosa langu lilipokuwa nene. Biskuti ya bahati ni mila ya migahawa ya Kichina ya Marekani. Huko China kwenyewe watu hawamalizi mlo kwa biskuti hii. Kampuni ya Wonton Food ya New York, ambayo hutengeneza zaidi ya biskuti milioni 4 kwa siku, ilijaribu kuipeleka China mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaishia kufungasha virago. Wateja waliiona ni kitu cha Kimarekani mno. Fikiria mgeni ashuke Unguja na sufuria, aanze kuwauzia watu wa Forodhani "urojo halisi wa Kizanzibari" ambao hakuna aliyewahi kuuonja.

Wanaoitetea asili ya Kichina huwa na hadithi moja tamu. Karne ya 14, Wachina waliokuwa wamechoka kutawaliwa na Wamongolia walificha ujumbe wa uasi ndani ya keki za mwezi, zile zinazoliwa kwenye sikukuu ya katikati ya vuli. Wakagawiana keki, wakasoma, wakainuka siku moja. Utawala wa Wamongolia ulianguka kweli, mwaka 1368. Habari ya keki, hata hivyo, ni ngano: haina ushahidi wa maandishi ya wakati ule. Na hata ingekuwa kweli, keki ya mwezi ni nene, nzito, imejazwa kitu kitamu hadi pomoni. Undugu wake na biskuti ya bahati ni ule wa maandazi na kashata, kwamba vyote vinaliwa na chai.

Sasa twende Japani. Jijini Kyoto, karibu na hekalu la Fushimi Inari, ziko familia zinazooka kwa mkono biskuti iliyokunjwa umbo lilelile. Ni kubwa na nyeusi zaidi kuliko ile ya Marekani, na ladha yake hutokana na ufuta na miso, ule uji mzito wa soya iliyochachushwa. Kikaratasi chake hakimo ndani ya tumbo. Kimebanwa kwenye mkunjo wa nje, kama barua iliyochomekwa mlangoni. Inaitwa *tsujiura senbei*. Senbei ni biskuti ya kukauka, na tsujiura ni uaguzi wa njia panda: zamani Wajapani walisimama njia panda jioni, wakasikiliza maneno ya wapita njia, wakayachukua kama jibu la lililowatatiza. Nilipofika hapo nilisoma mara mbili. Kwetu pia njia panda haijawahi kuwa mahali pa kupita tu, waulize waliokuta nazi imevunjwa pale alfajiri.

Aliyeufukua ukoo huu ni mtafiti Yasuko Nakamachi, Mjapani, aliyetumia miaka kadhaa akipekua maktaba na kutembelea waokaji. Kithibitisho chake kikubwa ni mchoro wa kitabu cha mwaka 1878: mtu yuko kwenye makaa, mbele yake zimepangwa kalibu za chuma zenye mikono mirefu, anaoka tsujiura senbei. Wakati mchoro huo unachapwa, wote ambao baadaye wangedai kuivumbua biskuti hii kule California walikuwa bado hawajaoka hata moja.

Nao wadai hawakuwa wachache. San Francisco wanamtaja Makoto Hagiwara, Mjapani aliyesimamia bustani ya chai ya Kijapani ndani ya Golden Gate Park, bustani iliyoanzia kwenye maonyesho ya mwaka 1894. Los Angeles wanamtaja David Jung, Mchina mwenye kiwanda cha tambi, aliyesema alianza mwaka 1918. Familia ya Seiichi Kito, wenye duka la vitamu la Fugetsu-do hukohuko Los Angeles, nao wana dai lao. Mwaka 1983 San Francisco waliitisha mahakama ya mzaha yenye hakimu wa kweli, wakasikiliza kesi ya Hagiwara na Jung. Miongoni mwa vielelezo ilikuwemo biskuti ambayo kikaratasi chake kilisema kwamba hakimu wa San Francisco atakayeipa Los Angeles ushindi hana akili. San Francisco ikashinda. Nani hasa alikuwa wa kwanza upande ule wa bahari halijathibitishwa mpaka leo. Ninachokiona mimi ni kwamba waokaji wa Kijapani walihama na kalibu zao, na hakuna aliyehitaji kuvumbua chochote.

Ilivyogeuka kuwa ya Wachina ni habari fupi na si ya kuchekesha. Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Rais Roosevelt alitia saini amri iliyowezesha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani kuondolewa pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Maduka yao ya kuoka yalifungwa. Wateja wa biskuti walikuwepo bado, na Wachina wenye viwanda waliijaza nafasi hiyo. Vita vilipokwisha, biskuti ilishakuwa na uraia mwingine.

Haya, kikaratasi.

Nilisema kinaokwa kama nyama ya sambusa. Kumbe biskuti ikitoka motoni haina kitu ndani, na haijakunjwa. Huanza kama uji mwepesi wa unga wa ngano, sukari nyingi, ute mweupe wa yai, mafuta na vanila. Ukiuona utadhani mtu anataka kupika chapati za maji. Uji unamwagwa kijiko kimoja, unatandazwa duara jembamba la upana wa kiganja, unaokwa dakika chache mpaka ukingo uwe wa dhahabu. Hapo linatoka duara laini, legelege kama kitambaa kibichi. Kikaratasi kinawekwa katikati, duara linakunjwa mara moja kuwa nusu mwezi, kisha mgongo wa nusu mwezi unavutwa juu ya ukingo wa kikombe au fimbo ya chuma mpaka ncha zikutane. Ndilo lile sikio. Kazi yote hiyo ina sekunde kumi, kumi na tano. Ukikohoa, umechelewa.

Kwa nini haraka hivyo? Mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na mpika kashata anajua jibu, ila hajui kama analijua. Sukari ikiyeyuka sufuriani na karanga zikaingia, mama anaimwaga kwenye ubao uliopakwa mafuta, anaisukuma, anaikata vipande vya pembe nne ikiwa bado ya moto. Kisu kinapita kama kwenye halua. Aitwe mlangoni, asimame kuongea na jirani, akirudi kisu hakipiti tena. Akilazimisha, kashata inapasuka inavyotaka yenyewe. Ndani ya zile dakika hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Ni joto tu limeondoka.

Sukari iliyopoa hivyo haijapangika chembechembe kama ile ya kwenye kopo la chai. Chembe zake zimeganda ovyo, kila moja pale ilipokutwa, kama abiria wa daladala taa zinapozimika ghafla na hakuna anayethubutu kusogea. Wataalamu huiita hali hiyo kioo, na hawatanii: kioo cha dirisha kimeganda kwa mtindo huohuo. Juu ya joto fulani abiria wanapishana, kitu kinapinda. Chini yake wanakwama, kitu kinavunjika kwa mlio. Kwa sukari kavu kabisa mstari huo uko kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi. Biskuti ikiwa nje ya oveni inaushuka mstari huo upesi mno kwa sababu ni nyembamba, na mkunjaji anashindana nao.

Lakini biskuti si sukari tupu, na hapa lazima nipunguze mbwembwe. Mna wanga wa unga na protini za yai, navyo hushika umbo kwa namna yake. Mstari wenyewe pia haukai mahali pamoja: maji kidogo tu yakibaki ndani, unashuka. Ndiyo maana kashata iliyoachwa wazi msimu wa mvua inanata vidoleni bila kupashwa moto na mtu yeyote. Hewa imeinywesha maji.

Kuhusu karatasi maalumu: ni karatasi ya kawaida. Jambo linaloniudhi kidogo ni kwamba hata ingepitia ovenini huenda isingeungua. Karatasi huanza kushika moto kwenye nyuzi 230 hivi, na biskuti huokwa chini ya hapo. Kwa hiyo swali la mwenzetu lenyewe lilikuwa na mtego, nami niliuingia mguu mzima.

Maneno ya kwenye kikaratasi yana habari yake. Pale Wonton Food, kwa takriban miaka 30 yaliandikwa na Donald Lau, mtu wa hesabu na fedha, aliyepewa kazi hiyo kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha wenzake. Hatimaye aliacha, maneno yalimwishia. Vikaratasi vyao huwa na tarakimu za bahati pia, na tarehe 30 Machi 2005 watu 110 walishinda kwa mpigo zawadi ya pili ya bahati nasibu ya Powerball, wakati waendeshaji walitarajia wanne au watano. Walidhani wameibiwa. Wakaanza kuwauliza washindi mmojammoja walizitoa wapi tarakimu, na wakawa wanajibiwa kitu kilekile: kwenye biskuti. Tano zilikuwa sahihi. Ya sita kikaratasi kilisema 40, mpira ukatoka 42.

Wiki iliyofuata tulijaribu wenyewe, jikoni kwa yule wa Mbagala, kwa kikaango cha chapati na moto mdogo. Maneno tuliyachukua kwenye kanga za mama yake, maana kanga ina jina lake na imetusemea siku zote bila kupitia tanuri. Mimi nilipangiwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", sikulalamika. Karatasi tulikata kutoka kwenye daftari lililokuwa juu ya friji. Biskuti tatu za mwanzo zilipasuka mikononi, ya nne ilinichoma vidole, tano zikakubali. Nne tulizivunja na kuzila palepale, moja tukaiacha kwenye sahani kwa ajili ya mama, aliyekuwa safarini Tanga.

Mvua ikanyesha siku mbili. Mama aliporudi, biskuti ilikuwa imelegea na kufunguka mdomo yenyewe, kikaratasi kinaning'inia nje. Upande wetu wa maandishi ulikuwa umegeukia chini. Alichokisoma ni cha upande wa pili, mwandiko wake mwenyewe: vitunguu kilo moja, mkaa, dawa ya mbu.