Ukuta Mkuu wa China hauonekani kutoka mwezini
Ujumbe unaosambazwa mara kwa mara kwenye makundi ya simu, ukiambatana na kipande cha makala ya sayansi ya televisheni, unadai kwamba Ukuta Mkuu wa China huonekana kwa macho matupu kutoka mwezini. Si kweli. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,000, ilhali ukuta huo una upana wa mita chache tu. Ukigawanya mwenyewe umbali huo kwa upana wa ukuta, utaona kwamba kuuona kutoka mwezini ni kama kuutafuta unywele mmoja ulio takriban kilomita 3 mbele yako. Kinachowachanganya wengi ni urefu wake wa maelfu ya kilomita, pamoja na picha za setilaiti (zinazopendeza, tukubali) zilizovutwa karibu bila mtazamaji kuambiwa. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.