Je, wajua? Ella Fitzgerald alipanda jukwaani kucheza, akajikuta anaimba

Jumatano, tarehe 21 Novemba 1934, msichana wa miaka 17 alikuwa amesimama kando ya jukwaa la ukumbi wa Apollo, mtaa wa 125, Harlem, jijini New York. Nguo zake zilikuwa kuukuu, za kupewa. Alikuwa anasubiri zamu yake ya kucheza. Ilipofika, hakucheza hata hatua moja. Aliimba, na usiku huo ndio ulioipa dunia Ella Fitzgerald, sauti ambayo mpaka leo mwimbaji wa jazi anapimwa nayo.

Ilikuwaje basi mchezaji akageuka mwimbaji mbele ya watu?

Jibu linalosimuliwa sana ni kwamba aliogopa. Ni kweli aliogopa. Lakini hofu haimfundishi mtu kuimba, na mimi naamini ile dansi aliyoiacha kando ya jukwaa ndiyo inayoieleza sauti yake.

Ella alizaliwa mwaka 1917 huko Newport News, Virginia, akakulia Yonkers, kaskazini mwa jiji la New York. Mtaani alijulikana kwa kucheza. Yeye na kijana mwenzake walikuwa wakimuiga Earl Tucker, mchezaji aliyepewa jina la Snakehips kwa jinsi kiuno chake kilivyojinyonganyonga kama nyoka. Nyumbani, mama yake aliwahi kuleta sahani ya santuri ya Connee Boswell, mwimbaji wa New Orleans, na binti akaisikiliza mpaka ikamkaa kichwani. Mama akafariki mwaka 1932. Baada ya hapo mambo yakaharibika: shule ilimshinda, akapelekwa kwenye kituo cha kurekebisha tabia za wasichana huko Hudson, akatoroka. Alipofika Harlem hakuwa na nyumba, akalala palipopatikana.

Apollo ilikuwa na mashindano ya wasanii chipukizi kila Jumatano usiku. Hadhira yake haikuwa na huruma: ukiboronga, unazomewa mpaka unashuka. Ella na marafiki zake wawili walipiga kura nani apande, kura ikamwangukia yeye. Kilichomvunja nguvu ni kwamba katika onyesho la usiku huohuo kulikuwa na Edwards Sisters, ndugu wawili wa kike waliokuwa hodari kupita kiasi kwa dansi. Aliwaona wakicheza, akajua kwamba akitia mguu baada yao, kwisha habari yake.

Akasimama pale, miguu imekufa ganzi, watu wameanza kunong'ona. Kitu pekee kilichokuwa tayari kichwani mwake ni ule wimbo wa kwenye sahani ya mama yake. Akauimba, akimfuatisha Boswell pumzi kwa pumzi. Ukumbi ukatulia, kisha ukadai wimbo mwingine. Akashinda, akapewa dola 25. Zawadi ilitakiwa iambatane na wiki nzima ya kutumbuiza Apollo, lakini hiyo hakupewa, na inaelezwa kwamba sababu ni mwonekano wake, ule uchakavu wa mtoto asiye na kwao. Hilo huniuma kila ninapolisoma.

Mwaka uliofuata alifikishwa kwa Chick Webb, mpiga ngoma aliyeongoza bendi ya ukumbi wa Savoy. Webb alikuwa mtu mfupi, mgongo wake umepinda kwa kifua kikuu cha mifupa kilichompata utotoni, lakini akikaa kwenye ngoma hakuna aliyemkaribia. Alimtazama msichana huyu, hakuvutiwa. Akakubali kumjaribu usiku mmoja tu, kwenye dansi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Wanafunzi wakampenda, Webb akamchukua.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu. Kwetu, ukitaja jazi, wengi huwaza Morogoro Jazz au Western Jazz, bendi za dansi zenye magitaa. Jazi ya Harlem ilikuwa ya matarumbeta, matromboni na saksafoni, ila kwa jambo moja walikuwa ndugu: watu walikwenda kucheza. Savoy ilijaza eneo lote kati ya mtaa wa 140 na 141, ikiwa na majukwaa mawili ili bendi moja ikipumzika nyingine ipokee na muziki usikatike. Mwimbaji wa Savoy alikuwa mtumishi wa miguu ya watu. Akichelewesha mdundo, sakafu nzima inaona.

Na Ella mdundo alikuwa nao mwilini kabla hajawa na jina. Msikilize kwa makini: neno halianguki juu ya pigo la ngoma kama msumari. Mara linatangulia kidogo, mara linavuta nyuma, kisha linarudi mahali pake bila papara. Ni kama mchezaji anayekuhadaa kwa bega huku mguu ukijua unapokwenda. Mwimbaji aliyefundishwa noti tu hupata tabu hapo.

Mwaka 1938, akiwa na miaka 21, alichukua wimbo wa mchezo wa watoto kuhusu kikapu kilichopotea, akautunga upya pamoja na Van Alexander, mpangaji muziki wa bendi. Ukaitwa A-Tisket, A-Tasket, na ukauza zaidi ya sahani milioni. Webb alifariki Juni 1939; bendi ikabaki mikononi mwa binti huyo wa miaka 22.

Baadaye, katika miaka ya 1940, alizunguka na bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie. Akaanza kuimba silabi tupu zisizo na maana, akifuata yale aliyoyasikia kwenye vyombo vya kupuliza: du, ba, bi, ri. Hakuwa wa kwanza. Louis Armstrong alikwishafanya hivyo katika miaka ya 1920. Lakini Ella aliifikisha mbali mbinu hiyo, akaweza kushindana na saksafoni hatua kwa hatua bila kubaki nyuma.

Tarehe 13 Februari 1960 alikuwa jukwaani Berlin Magharibi, mbele ya maelfu ya watu, akiimba Mack the Knife. Kabla ya kuanza alisema anatumaini atayakumbuka maneno yote. Katikati ya wimbo yakampotea. Safari hii hakuganda. Aliendelea palepale akitunga mistari mipya, akaungama ndani ya wimbo wenyewe kwamba anauharibu, akaigiza sauti nzito ya Armstrong, akamimina silabi zake. Rekodi ya usiku ule ikampatia tuzo za Grammy. Ukiisikiliza leo, jaribu kupiga makofi taratibu kufuata ngoma tangu mwanzo hadi mwisho: maneno yanapotea, mdundo haukatiki hata mara moja.